Ukitaka farasi akutii, weka kiboko chini

HUENDA umemwona asubuhi ukielekea kazini. Punda amefungwa mkokoteni uliosheheni mitungi ya maji, amesimama katikati ya barabara, masikio yamelala nyuma, na hataki kwenda mbele wala kurudi nyuma. Mwenyewe anamcharaza kwa kipande cha mpira wa gurudumu. Magari yanapiga honi. Watoto wa shule wanacheka. Mnyama anayumba kila anapopigwa lakini haondoki. "Punda ni mkaidi!" utasikia mtu akisema, nawe unaenda zako.

Mpenzi msomaji, hata mimi nilikuwa nikisema hivyo hivyo. Nikiwa na umri wa miaka 12 hivi, kazi yangu baada ya shule ilikuwa kumpeleka punda wetu mtoni kuteka maji. Jioni moja alifika penye mteremko wa mawe, akasimama, akakataa katakata kushuka. Nilimchapa kwa ufito hadi mkono ukaniuma. Mwishowe alishuka, nami nikarudi nyumbani nikijiona shujaa.

Kesho yake babu alimwinua mguu wa mbele akakuta kigae cha chupa kimezama chini ya ukwato. Babu hakunigombeza. Aliniambia tu nikae pale nitazame akikitoa. Kidonda kilipona baada ya wiki chache, lakini tangu siku ile punda yule hakukubali tena nimguse mguu. Babu akimkaribia, alitulia. Mimi nikimkaribia, alirudi nyuma hadi kamba ikakaza.

Nimekumbuka kisa hicho kwa sababu wale wanaochunguza tabia za farasi wamekuja kuthibitisha jambo ambalo punda wetu alilijua siku zote: mnyama wa jamii hii hukumbuka ni nani aliyemtendea nini, na yule aliyefunzwa kwa wema hujifunza vizuri kuliko yule aliyefunzwa kwa fimbo. Leo hii kuna wafunzi wa farasi ulimwenguni ambao hawabebi mjeledi kamwe. Wanabeba mfuko wa karoti.

Njia tatu za kumfunza mnyama

Kabla ya kwenda mbali, yafaa tuelewe kwamba kuna njia tatu ambazo kwazo binadamu humfunza farasi au punda.

Ya kwanza ni adhabu. Mnyama akifanya usilolipenda, unampiga. Njia hii ina kasoro moja kubwa. Humwambia mnyama asifanye nini, lakini haimwambii afanye nini. Punda aliyepigwa kwa sababu amesimama hajui kama amepigwa kwa kusimama, kwa kutazama upande ule, au kwa sababu tu wewe uko karibu naye. Aghalabu hufikiria hilo la mwisho.

Ya pili ni shinikizo. Hii ndiyo inayotumiwa na wapanda farasi wengi tangu jadi. Mpandaji hubana mbavu za farasi kwa miguu yake, na farasi anapopiga hatua, mpandaji huacha kubana. Huvuta hatamu, lijamu ikamkaza farasi mdomoni, na anaposimama, hatamu hulegezwa. Farasi hujifunza kwamba akitii, usumbufu unaisha. Mpandaji hodari hufanya hivi kwa wepesi mno, hata mtazamaji asione kitu. Asiye hodari husahau kulegeza, na hapo shinikizo linageuka mateso.

Ya tatu ndiyo tunayoizungumzia leo, nayo ni tuzo. Mnyama akifanya unalotaka, anapata kitu anachokipenda. Asipofanya, hapigwi wala hatukanwi. Hapati kitu tu, na mnajaribu tena. Kwa kuwa anataka ile tuzo, yeye mwenyewe ndiye anayeanza kutafuta jinsi ya kukupendeza.

Wazo la kale

Usidhani kwamba huu ni mtindo wa vijana wa siku hizi. Zaidi ya miaka 2,300 iliyopita, askari na mwandishi wa Kigiriki aliyeitwa Xenophon aliandika kitabu kuhusu ufundi wa kupanda farasi. Humo aliwaonya wenzake wasimshughulikie farasi wakiwa na hasira, na akawashauri wamtendee wema kila anapotii. Xenophon alikuwa mtu wa vita, si mtu wa mchezo. Alijua kwamba farasi anayemwogopa bwana wake anaweza kumtupa mbele ya adui.

Sayansi ilikuja kueleza sababu baadaye sana. Mnamo 1898 Mmarekani Edward Thorndike alikuwa akiwafungia paka wenye njaa katika masanduku na kuweka chakula nje. Paka alihangaika hadi akagusa kwa bahati kile kilichofungua mlango. Kila aliporudishwa sandukuni alitoka kwa muda mfupi zaidi. Thorndike akatangaza kanuni ambayo hata mama mzazi anaijua: tendo linaloleta matokeo mema hurudiwa.

Mmarekani mwingine, B. F. Skinner, aliendeleza kanuni hiyo kwa panya na njiwa. Wanafunzi wake wawili, Keller na Marian Breland, waliitoa maabarani katika miaka ya 1940, wakaitumia kufunza wanyama wa kila aina, kuanzia kuku hadi nguruwe, kwa ajili ya maonyesho na matangazo ya biashara.

Lakini waliotoa somo kubwa zaidi ni pomboo. Katika miaka ya 1960 mwanamke mmoja aitwaye Karen Pryor alikuwa akifunza pomboo katika bustani ya viumbe wa baharini huko Hawaii. Hebu fikiri: utamtiaje pomboo lijamu? Ukimpiga, ataogelea aende zake. Haiwezekani kumlazimisha; lazima atake mwenyewe. Wafunzi wa pomboo walitumia filimbi na samaki. Pomboo aliporuka vizuri, filimbi ililia papo hapo, kisha akapewa samaki. Pryor aliandika kitabu kuhusu mbinu hiyo mwaka wa 1984, na wenye mbwa wakaichangamkia. Mnamo 1998 Mmarekani mwenzake, Alexandra Kurland, akatoa kitabu kilichoileta mbinu hiyo kwa watu wa farasi.

Kwa nini pawe na mlio?

Pengine unajiuliza mlio una kazi gani ilhali chakula kipo. Jibu liko katika wakati.

Chukua mfano wa kumfunza farasi kuinua mguu. Mguu unainuka kwa nukta moja tu. Ukiinama, ukaingiza mkono mfukoni na kutoa karoti, mguu umekwisha kurudi chini. Farasi atadhani umemtuza kwa kukanyaga. Lakini ukitoa mlio mfupi mguu ungali hewani, farasi anajua ni kipi hasa kilichompa karoti, hata kama karoti yenyewe itafika baada ya sekunde mbili tatu. Mlio ni kama hundi. Pesa zitafuata, lakini mwenye kupokea ameshajua amelipwa.

Ng'ambo hutumia kidude kidogo cha plastiki chenye kibati ndani, kinacholia "klik" kikibonyezwa. Si lazima uwe nacho. Ulimi unaogonga kaakaa hutosha, au neno moja fupi ambalo hulitumii kwa jambo jingine lolote. Kitu muhimu ni mlio uwe ule ule kila mara, na uwe wa kweli. Ukilia, lipa. Hata kama ulikosea kulia, lipa. Mnyama akigundua kwamba ahadi yako ni ya uongo, kazi yako yote imekwenda na maji.

Wataalamu wamegundua nini?

Je, mbinu hii ina faida gani kuliko ile ya zamani? Watafiti wamejiuliza swali hilo, na majibu yao yanafurahisha.

Nchini Uingereza, matokeo yaliyotolewa mwaka wa 2008 yaliwahusu farasi wadogo waliokuwa wameokolewa kutoka kwa mateso. Baadhi yao walifunzwa kwa shinikizo na wengine kwa tuzo. Wale wa tuzo walionyesha hamu zaidi ya kushiriki masomo, na walikuwa wadadisi zaidi walipokabiliwa na mambo mageni.

Huko Ufaransa, watafiti wa Chuo Kikuu cha Rennes waliwafunza farasi wachanga kusimama tuli wakiamriwa kwa neno. Kundi moja lilipewa chakula lilipotii, jingine halikupewa. Waliotuzwa walijifunza haraka zaidi. Isitoshe, walipopimwa tena miezi kadhaa baadaye, bado walikumbuka somo, na waliwasogelea watu kwa hiari kuliko wenzao, hata watu ambao hawakuwajua. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka wa 2010.

Lakini kinachonistaajabisha zaidi ni kisa cha Norway, nchi ya baridi kali ambako farasi huvishwa blanketi. Mwaka wa 2016 watafiti wa huko walieleza jinsi walivyowafunza farasi 23 kwa vipande vya karoti kugusa mbao zilizochorwa alama. Alama moja ilimaanisha "nivishe blanketi", ya pili "nivue", na ya tatu "niache nilivyo". Farasi wote 23 walijua maana zake katika muda wa siku 14. Kisha wakaulizwa katika hali mbalimbali za hewa. Siku za mvua na baridi waliomba kuvishwa. Siku za jua waliomba kuvuliwa. Farasi, ambaye kwa miaka mingi aliamriwa tu, aliulizwa maoni yake naye akajibu kwa busara.

Anakusoma kuliko unavyomsoma

Jambo jingine ambalo sharti ulijue ni kwamba farasi ni bingwa wa kusoma mwili wa binadamu. Mwanzoni mwa karne ya 20 huko Berlin, Ujerumani, mwalimu mmoja mstaafu, Wilhelm von Osten, alikuwa na farasi aliyeitwa Hans. Alimfunza kwa subira, akimpa mkate na karoti, na watu wakaamini farasi huyo anajua hesabu. Ukimuuliza tatu na nne ni ngapi, aligonga ukwato chini mara saba.

Mwaka wa 1907 mchunguzi Oskar Pfungst aligundua siri. Muulizaji akiwa hajui jibu, Hans naye hakujua. Akiwa hamwoni muulizaji, alishindwa vilevile. Kumbe alikuwa akimtazama mtu usoni. Aligonga tu, na alipofikia idadi sahihi, muulizaji alitikisa kichwa kidogo sana bila kujijua, naye Hans akaacha.

Wengi walimcheka von Osten. Mimi naona kisa hicho ni onyo kwetu. Ikiwa farasi anaweza kuona mtikisiko wa kichwa ambao mwenye kichwa haujui, atashindwaje kuona kwamba umekuja zizini ukiwa umegombana na mkeo au mumeo?

Mfano wa jirani zetu

Ukidhani haya ni mambo ya Wazungu, nenda Morogoro, Tanzania. Huko, katika Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, shirika la APOPO limekuwa likiwafunza panya buku kunusa mabomu yaliyofukiwa ardhini na pia kunusa vimelea vya kifua kikuu katika makohozi ya wagonjwa. Wakufunzi wengi ni Watanzania, na mbinu yao ndiyo hii hii: panya akigundua harufu inayotakiwa, "klik", kisha ndizi.

Panya mmoja aliyezaliwa huko, Magawa, alipelekwa Kambodia na akagundua mabomu na silaha za kulipuka zaidi ya 100. Mwaka wa 2020 alitunukiwa nishani ya dhahabu na shirika la Uingereza la kuwahudumia wanyama, PDSA. Alifariki Januari 2022 akiwa amestaafu. Sasa fikiri, ikiwa panya anaweza kufunzwa kwa ndizi hadi akaokoa maisha ya watu, tutasemaje kwamba punda haelewi ila kichapo?

Farasi wetu ni punda

Humu nchini farasi si wengi. Utawaona kwenye mashindano ya Ngong Road jijini Nairobi, katika viwanja vya polo, na kwa polisi wa kikosi cha farasi. Farasi wa mwananchi wa kawaida ni punda. Ndiye anayeteka maji, anayebeba makaa na mahindi, anayempeleka mgonjwa hospitalini mahali ambapo gari halifiki. Huko Lamu, ambako vichochoro vya mji wa kale haviruhusu gari kupita, yeye ndiye lori na ndiye teksi. Hata hospitali yake ipo tangu 1987.

Na punda wanapungua. Sensa ya 2009 ilihesabu zaidi ya milioni 1.8 nchini Kenya. Ile ya 2019 ilipata takriban milioni 1.2. Katikati ya miaka hiyo vilifunguliwa vichinjio vya kutafuta ngozi za kuuzwa Uchina, na wezi wakawamaliza punda wa vijijini usiku. Februari 2024 viongozi wa Umoja wa Afrika waliafikiana kupiga marufuku uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi. Aliye na punda leo ana mali ambayo si rahisi kuirudisha ikipotea.

Sasa, mbona punda husimama barabarani? Farasi akiogopa hukimbia. Punda akiogopa, mara nyingi husimama kwanza atafakari. Hiyo ndiyo tabia aliyoumbwa nayo, wala si ukaidi. Huenda ameona kivuli cha daraja, au maji ambayo hajui kina chake. Huenda mkanda umemchubua kifuani. Huenda, kama wetu, amekanyaga kigae. Kumpiga wakati huo ni kumthibitishia kwamba alikuwa na haki ya kuogopa mahali pale. Kesho atasimama hatua kumi kabla.

Jinsi ya kuanza

Ikiwa una punda au farasi, jaribu haya.

Kwanza, tafuta maumivu. Mkague mgongo, kifua, mdomo na kwato. Mwite daktari wa mifugo ukiona kidonda au akichechemea. Mnyama mwenye maumivu hahitaji somo, anahitaji dawa.

Pili, chagua tuzo. Vipande vidogo vya karoti au nyasi kidogo kiganjani vinatosha. Usimpe unga, sukari wala mkate mwingi. Tumbo la farasi ni dogo kwa mwili wake, naye huumbwa kula kidogo kidogo mchana kutwa. Tena hawezi kutapika, kwa hivyo msokoto wa tumbo unaweza kumuua. Kumbuka pia kwamba si lazima tuzo iwe chakula. Uchunguzi uliochapishwa mwaka wa 1993 kutoka Ufaransa ulionyesha kwamba farasi akikunwa pale shingo inapokutana na mgongo, mahali ambapo farasi hukunana wenyewe kwa wenyewe, mapigo ya moyo wake hupungua. Kukuna hakugharimu hata senti.

Tatu, simama upande wa pili wa ua au lango. Toa mlio, kisha mpe tuzo. Rudia mara 10 au 20. Lakini zingatia hili: lia tu wakati ameelekeza kichwa mbele au pembeni, kamwe si wakati ananusa mfuko wako. Mpelekee chakula pale kichwa chake kinapostahili kuwa. Kwa njia hii, jambo la kwanza analojifunza ni adabu.

Nne, mpe jambo jepesi. Funga kopo au kibuyu kwenye ncha ya fimbo, umsogezee karibu na pua. Akikigusa kwa udadisi, lia na umtuze. Baada ya siku chache atakifuata kibuyu kokote. Ile fimbo iliyokuwa ya kumsukuma kutoka nyuma sasa inamwita kutoka mbele.

Tano, gawa kazi kubwa vipande vidogo. Ukitaka akubali kushikwa mguu, usianze na mguu. Gusa bega, akitulia, lia na umtuze. Kesho teremsha mkono hadi kwenye goti. Kesho kutwa hadi juu ya ukwato. Akihamisha uzito tu, hiyo ni hatua. Akiinua kidogo, hiyo ni sherehe. Akirudi nyuma, umekwenda haraka. Rudi pale alipokuwa ametulia. Kama ni daraja analoliogopa, mtuze kwa kulitazama, kisha kwa hatua moja, kisha kwa ukwato mmoja juu yake.

Sita, acha mapema. Dakika tano au kumi zinatosha kwa siku. Maliza akiwa amefanya vizuri, wala si alipochoka. Haba na haba hujaza kibaba.

Makosa ya kuepuka

Usifikiri kwamba tuzo haina hatari. Chakula kinafunza, na kinafunza hata usilolikusudia. Yule punda anayegonga lango kwa ukwato kila asubuhi hadi umletee nyasi, nani aliyemfunza? Ni wewe. Aligonga, ukaja mbio na chakula. Yule farasi anayeuma mifuko ya wageni alifunzwa na watu waliompa peremende kila aliposukuma kwa pua. Mlishe baada ya kutulia, hata kama utangoja dakika nzima.

Kosa la pili ni kuchanganya. Huwezi kumtuza asubuhi na kumcharaza jioni ukatumaini akuamini. Punda hataki bwana mpole. Anataka bwana anayeeleweka.

La tatu ni kusahau usalama. Farasi ana uzito wa kilo 400, 500 au zaidi, na hakuoni ukiwa nyuma yake moja kwa moja. Hata aliyefunzwa kwa wema anaweza kurusha teke akishtuka. Usimwache mtoto peke yake naye, na usimpitie nyuma kimyakimya.

Je, si kumdekeza?

Hili ndilo swali linaloulizwa zaidi. Nami nauliza: wewe ukilipwa mshahara mwisho wa mwezi, umedekezwa? Hakuna haja ya kubeba karoti milele. Somo likishakolea, unaweza kumtuza mara moja moja, na kazi iliyozoeleka itakwenda kwa neno zuri na kukunwa. Usiache kabisa tu, kwa maana hata fundi mwaminifu huchoka na kazi isiyo na shukrani.

Wengine husema hawana wakati. Ni kweli kwamba kiboko huleta matokeo ya haraka. Mimi mwenyewe niliyaona pale mtoni. Lakini hesabu wakati unaopotea kila siku barabarani na punda aliyegoma. Hesabu pesa za dawa ya vidonda. Tena kumbuka kwamba kumpiga mnyama kikatili au kumpakia mzigo kupita kiasi ni kosa kisheria, chini ya Sura ya 360 ya Sheria za Kenya.

Na kama una watoto, wanakutazama. Tangu 2001 kiboko kilipigwa marufuku katika shule zetu. Mtoto anayemwona babake akimaliza hasira zake kwenye mgongo wa punda anapata somo jingine nyumbani, naye atalitumia kwa wadogo zake. Mwana hutazama kisogo cha nina.

Waswahili wana methali isemayo kwamba shukrani ya punda ni mateke. Wengi tumeitumia kuwasema watu wasio na fadhila. Lakini siku hizi nikiisikia hujiuliza: kabla ya punda huyo kurusha teke, alipewa nini hata atoe shukrani?

Punda wetu alikufa kwa uzee nilipokuwa katika shule ya sekondari. Wakati huo nilikuwa nimejaribu kila mwaka kumkaribia, bila mlio na bila karoti, maana sikujua mambo haya. Alinikubali nimtilie maji na nimfunge kamba. Mguu ule wa mbele hakunipa hadi mwisho. Kama nawe unaye mnyama anayerudi nyuma ukimsogelea, usimlaumu. Kesho asubuhi mwendee bila kitu mkononi ila kipande cha karoti, simama mbali kidogo, na umngoje yeye apige hatua ya kwanza.